Je, Nesi wa Gerezani Awe Ndugu wa Mgonjwa Wake?

Nianze na swali lenyewe nisije nikakuzungusha, msomaji. Muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa akili ambaye pia yuko chini ya ulinzi, mahabusu au mfungwa, je, awe ndugu yake? Namaanisha ndugu kwa maana tunayoijua hapa Ufipa: mtu unayempelekea unga bila kuombwa, unayemtunzia siri, unayemfichia kosa lake, na ambaye ukimkatalia jambo unaonekana huna utu.

Ukiuliza hapa mjini Sumbawanga, iwe kijiweni au nje ya kanisa, utajibiwa haraka haraka: ndiyo, awe ndugu, tena zaidi ya ndugu, maana huyo mtu ameshatupwa na wote. Kikundi chetu cha uandishi kilinijibu hivyo hivyo. Tuko sita, tunakutana Jumamosi jioni na kusomeana tulichoandika. Mimi naandika riwaya, na ndani yake yumo nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili wenye kesi. Washikaji walitaka nesi huyo abebe barua ya mgonjwa aitoe nje kwa siri, na mmoja akataka kabisa wapendane. "Bila hivyo hakuna utamu," alisema. Nilisita, kwa sababu nina mama mdogo aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Ni mbali na hapa. Mahali penyewe sipataji, mwenyewe kanikataza. Sasa amestaafu, karudi nyumbani, analima ulezi na alizeti na kusumbuliwa na maswali yangu.

Jibu lake kwa swali langu lilikuwa neno moja: hapana. Nimejitahidi kulielewa hilo "hapana" kwa miezi kadhaa sasa, maana kwa mtu aliyelelewa huku linaumiza masikio.

Kwanza tuelewane ni watu gani tunaowazungumzia. Mtaani kwetu alikuwepo kaka mmoja fundi baiskeli, mpole, hodari wa kunyoosha rimu kwa jicho tu. Akaanza kusikia sauti. Nyumbani walimpeleka kwa waganga watatu, mbuzi wakaisha zizini, sauti zikabaki. Usiku mmoja alimpiga baba yake mkubwa kwa mpini wa jembe, akiamini ndiye anayemtumia hizo sauti, na mzee akafariki siku ya tatu. Polisi, mahabusu, mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema kwamba mahakama ikiona huenda mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda, inaweza kuamuru apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili, na hospitali iandike taarifa ya hali yake ndani ya siku 42. Kwa huku kwetu bara njia hiyo inaelekea Dodoma, kwenye Hospitali ya Mirembe na Taasisi ya Isanga, ambayo ndiyo inayopokea wagonjwa wenye kesi. Mwisho wa yote mahakama inaweza kusema kwamba mtu alitenda kweli, lakini hana hatia kwa kuwa akili zake hazikuwa zake siku ile. Hapo haendi nyumbani. Anashikiliwa akatibiwe.

Kutoka Sumbawanga hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, kwa Tunduma, Mbeya na Iringa. Mama wa mtu kama huyo akienda mara moja kwa mwaka amejitahidi sana. Na kabla ya kufika Dodoma mgonjwa hukaa kwanza rumande na wengine wote, akisubiri tarehe na usafiri. Huko wanaomtibu mara nyingi ni watumishi wa afya wa Jeshi la Magereza lenyewe, watu wenye sare na vyeo. Zile kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ambazo tangu mwaka 2015 zinaitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 109 kwamba mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili asikae gerezani kabisa. Maneno mazuri. Lakini yule ambaye bado hajaonekana kuwa na hatia wala kutokuwa nayo, huyo anasubiri.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia: mtu mmoja ana majina mawili. Faili la kwanza linamwita mshtakiwa, la pili linamwita mgonjwa. Anayeshika ufunguo anasoma la kwanza, anayeshika sindano anasoma la pili, na mlango wanaopitia ni ule ule.

Sasa chukua sabuni. Nimeichagua sabuni kwa makusudi kwa kuwa haina ubaya wowote. Mama wa mgonjwa amesafiri siku mbili kumwona mwanawe, anaondoka, analia, anamwambia nesi: "Mwanangu, naomba namba yako ya simu. Niwe nakutumia chochote umnunulie sabuni na mafuta ya kupaka." Nani angekataa? Nesi mmoja hakukataa. Shilingi elfu tano zikaingia, sabuni ikanunuliwa, mgonjwa akaoga, akapendeza. Mwezi wa pili tena. Kitanda cha jirani yupo mgonjwa ambaye mama yake hana simu, au hana mama. Anaitazama ile sabuni. Anaanza kukataa dawa, na hakuna anayejua kwa nini. Mwenye sabuni naye anaanza kusema "sista wangu", na zamu ya nesi mwingine ikifika anagoma kula mpaka sista wake aje. Halafu siku moja mfungwa wa usafi, mzima kabisa wa akili, aliyekuwa anaangalia yote akiwa na fagio lake, anasogea na kusema kwa upole: "Sista, sabuni unaleta. Leta basi na sigara. Maana mkuu akisikia una hela za ndugu wa wagonjwa kwenye simu yako, si vizuri."

Mama mdogo anasema hajawahi kuona nesi aliyeanza kwa kuingiza bangi. Wote walioishia huko walianza na kitu kama sabuni.

Nilimwambia, sasa mama mdogo, yule mama aliyesafiri afanyeje? Alinijibu kwamba hela ipokelewe ofisini, iandikwe kwenye daftari, atoke mtumishi akanunue, mgonjwa asaini au aweke dole gumba, na ikiwezekana sabuni ya wodi iwe ya wodi nzima. Jibu la kikarani kabisa! Nilichukia nilipolisikia. Lakini tazama linavyofanya kazi. Sabuni ile ile inamfikia mtu yule yule, ila haimfanyi awe na deni kwa mtu.

Na suala la deni ndilo lililonifikirisha kuliko yote, kwa sababu sisi tunaishi kwa madeni. Zawadi kwetu haina risiti. Nikikusaidia kupiga matuta mwaka huu, utanisaidia kuvuna mwaka ujao. Ukiniletea migebuka kutoka Kasanga, siku ya harusi ya dada yako nitabeba maji. Hakuna anayelipa akamaliza, na ndivyo ujirani unavyodumu. Lakini hiyo inawezekana kwa sababu wote wawili tuna mikono na tuna mlango wa kutokea. Mgonjwa aliyefungiwa hana shamba la kukusaidia wala migebuka ya kukuletea. Ukimpa zawadi ya undugu, atakulipa kwa kitu gani? Amebaki na vitu vichache tu: utii wake, siri zake, siri za wenzake, na mwili wake. Basi atalipa kwa hivyo. Hata kama hukumdai, yeye kalelewa Ufipa kama wewe, atajisikia anadaiwa.

Ndiyo maana lile la kupendana nililikataa kwenye riwaya yangu. Siwezi kuamini mapenzi ya mtu ambaye hawezi kutoka chumbani. Anaweza kuwa anapenda kweli, sikatai, moyo haujui sare. Lakini nani atajua? Yeye mwenyewe hawezi kujua, kwa sababu anayempenda ndiye anayempimia dawa na ndiye anayeandika kama amepata nafuu au bado.

Mshikaji mmoja pale kwenye kikundi, msomaji sana, alinitolea mfano wa Daktari Adriano Atiman, ambaye hospitali ya hapa mjini imepewa jina lake. Huyu alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyechukuliwa utumwani, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880 na akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Alioa huko huko, akazeeka huko huko. "Huyo hakuwa ndugu wa wagonjwa wake?" aliniuliza. Alikuwa. Tena ndivyo ilivyompasa. Ila mgonjwa wa Atiman akichoka na dawa alikuwa anaondoka zake akapande mtumbwi. Undugu wa daktari na mtu huru ni jambo moja, na undugu wa mwenye ufunguo na asiye nao ni jambo lingine. Mshikaji hakuridhika, na sikumlaumu, maana mfano wake ni mzuri.

Kuna na hili la uchawi, ambalo nje ya Sumbawanga watu hupenda kututania nalo. Ukipanda basi Mbeya ukasema unakotoka, kondakta atakuuliza kama umeacha ungo wako nyumbani. Tumezoea. Lakini kwa nesi mzaliwa wa huku si utani. Mgonjwa anamwambia: "Sista, wewe ni wa kwetu, unajua. Hawa madaktari hawaelewi. Baba mkubwa ndiye aliyenifanyia." Na nesi huenda anamjua huyo baba mkubwa, na huenda utotoni aliwahi kusikia maneno juu yake. Akisema "kweli, hata mimi nilisikia", amempa mgonjwa faraja ya dakika tano na amemwongezea sauti moja zaidi kichwani. Akisema "acha ujinga wa kishenzi", amemtukana mgonjwa na ukoo wake wote, na yeye mwenyewe pamoja. Nilimuuliza mama mdogo alikuwa anasema nini. Alikuwa anasema: "Naona inakutesa sana. Usiku inakuja saa ngapi?" Hapo anarudi kwenye usingizi, chakula na dawa, mambo ambayo yeye kama nesi anayaweza. Ya baba mkubwa aliyaacha mlangoni, na imani yake mwenyewe aliiacha mlangoni pia. Mpaka leo sijui kama anaamini uchawi au haamini.

Sasa nafika mahali palipobadilisha kabisa mawazo yangu kuhusu nesi wa riwaya yangu. Ni zile siku 42.

Daktari humwona mgonjwa nusu saa, labda mara kadhaa kwa wiki. Nesi yuko naye zamu nzima, mchana na usiku. Anaandika: amekula, hajalala, amezungumza peke yake, amecheka bila sababu, amemtambua mwenzake, ameuliza leo tarehe ngapi. Maandishi hayo madogo madogo ndiyo yanayomsaidia daktari kuandika ile taarifa, na taarifa inakwenda mahakamani. Kwa hiyo nesi ni mhudumu na wakati huo huo ni jicho la mahakama, na mgonjwa anamwona kama sista tu mwenye kikombe cha dawa.

Fikiria saa tisa usiku. Mgonjwa ambaye hajasema neno kwa wiki mbili anakaa kitandani na kusema: "Sista, nataka nikwambie kitu. Siku ile nilijua ninachofanya." Au kinyume chake: "Siku ile sikumbuki kitu, lakini wenzangu wameniambia niseme nakumbuka." Au neno lolote linaloweza kumpeleka mtu huku au kule maisha yake yote. Kama nesi ni ndugu yake, ana njia mbili. Anyamaze, atunze siri, na taarifa iende mahakamani ikiwa na tundu analolijua yeye peke yake. Au aandike, na mgonjwa aje kugundua kwamba ndugu yake alikuwa na kalamu mfukoni. Niliandika njia zote mbili, kurasa na kurasa, na kila moja ilikuwa na usaliti ndani yake.

Mama mdogo akanionyesha kwamba swali la saa tisa usiku lilitakiwa kujibiwa siku ya kwanza, mchana, mgonjwa anapopokelewa. Maneno yake nimeyanakili alivyoyasema: "Mimi ni nesi. Nitakuhudumia vizuri. Utakayoniambia kuhusu kesi yako naweza kuyaandika, na watu wa mahakama watayasoma. Na ukiniambia unataka kujidhuru au kumdhuru mwenzako, hilo sitalinyamazia." Anamwambia siku ile, na kwa kuwa mgonjwa amechanganyikiwa hatakumbuka, anamwambia tena akili zinapoanza kutulia, na tena. Halafu saa tisa usiku, mtu anapofungua kinywa, nesi anasema: "Ngoja kidogo. Unakumbuka nilikwambia nini kuhusu maneno ya kesi?"

Hapo mgonjwa anaweza kuendelea au kunyamaza au kusema nataka wakili. Sikia, msomaji: mtu huyu tangu akamatwe hajachagua kitu. Hajachagua chakula, saa ya kulala, nguo, kitanda wala jirani wa kitanda. Na nesi mmoja, kwa kukataa kuwa ndugu yake kwa dakika moja, amemrudishia jambo la kuamua. Nilipolielewa hilo niliichana ile barua ya siri kwenye sura ya saba bila mtu kunilazimisha.

Na wapo wanaofanya kinyume. Nesi mtamu wa maneno, anayejua kukaa kitandani na kusema "niambie mimi, mimi ni dada yako", akatoka na daftari limejaa. Wakubwa wanampenda kwa sababu anapata habari. Upole wa namna hiyo mimi nauita upelelezi, hata kama amevaa gauni jeupe.

Baada ya mazungumzo hayo nilipata tamaa. Nikamwomba mama mdogo anisimulie mgonjwa mmoja tu, mmoja, nibadilishe jina, nibadilishe kabila, nibadilishe kosa. Alicheka mpaka akakohoa. "Hao hawakuja kwangu wawe riwaya, mwanangu." Basi. Chai ikaletwa, tukazungumzia bei ya mbolea. Nawaandikia wenzangu mnaotaka kuwa waandishi: tunapenda kusema kila kilio ni mali ya mwandishi. Sina hakika. Sumbawanga ni mji mdogo, ukibadilisha jina na kuacha mpini wa jembe kila mtu atajua ni nani. (Yule fundi baiskeli niliyemtaja mwanzoni hakuwa fundi baiskeli, wala silaha haikuwa mpini, wala aliyekufa hakuwa baba mkubwa. Msihangaike kumtafuta.)

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mpaka ni mmoja tu, wa nesi na mgonjwa. Watu hupenda kuuhubiri huo, maana ni rahisi kumwambia nesi asizoeane na wahalifu. Lakini upo mwingine unaosemwa kwa sauti ndogo, nao ni mpaka kati ya nesi na gereza lenyewe.

Historia ya jirani zetu ina mfano mkubwa. Daktari Mwingereza aitwaye J. C. Carothers alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, na wakati huo huo alikuwa daktari wa akili wa gereza la Nairobi. Kichwa kimoja kwa hospitali na gereza. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wagonjwa wa Mathari na wafungwa walikuwa miongoni mwa Waafrika aliowajua vizuri zaidi, na kutoka kwao akaruka kuzungumzia bara zima! Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, na ndani yake akashauri Wakikuyu wakusanywe kwenye vijiji. Simlaumu kwa kuzoeana na wagonjwa. Sidhani kama alizoeana nao. Huyo alilinda sana mpaka wa kwanza, na wa pili hakuuona kabisa. Alichojifunza kando ya kitanda cha mgonjwa kilikuja kuwa shauri la namna ya kutawala watu.

Hayo ni ya wakubwa. Ya nesi wetu ni haya. Saa nne usiku mahabusu anapiga kelele, anagonga mlango kwa kichwa, wenzake hawalali, askari wa zamu kachoka. Anakuja dispensari. "Sista, njoo umchome huyu atulie." Dawa ni klopromazini, ipo kabatini. Mgonjwa ni mgonjwa kweli, ana kadi. Sindano ile ile ikichomwa kwa sababu amezidiwa ni matibabu. Ikichomwa kwa sababu askari anataka kulala ni adhabu, na mkono ni ule ule, matako ni yale yale. Kanuni za Mandela zinalisema waziwazi: kanuni ya 27 inasema uamuzi wa tiba ni wa watu wa tiba na watumishi wengine wa gereza wasiupindue, na ya 46 inasema watu wa afya wasishiriki kabisa katika kutoa adhabu za kinidhamu. Lakini kanuni imeandikwa mbali, na anayesimama mlangoni ni koplo, na nesi naye ni koplo, na mkuu wa wote wawili ni mmoja, na nyumba anayolala nesi na watoto wake ni ya kambi.

Mama mdogo alikuwa anakwenda kwanza bila sindano. Hilo lilikuwa linawaudhi. Anakwenda mikono mitupu, anasimama mlangoni, anamwita mtu kwa jina lake, anamuuliza. Mara nyingine anakuta ni kiu. Mara nyingine jino. Mara nyingine kweli kazidiwa, na hapo anarudi kuchukua dawa, na anaandika kwenye faili sababu aliyoiona yeye kwa macho yake. Neno "kwa agizo la askari" hakuliandika hata siku moja, kwa sababu agizo la askari si ugonjwa. Na siku aliyoona kwamba mtu anapiga kelele kwa hasira tu, hasira ya haki, alirudi akakaa. Nilimuuliza, wakakufanya nini? Alisema alihamishwa, basi, wala hakutaka kuendelea. Nikaona hapo ndipo mwenzangu wa kikundi angepata utamu aliokuwa anautafuta, lakini sikuongeza neno.

Namwona nesi wa namna hii amesimama kwenye uwanja mwembamba sana. Upande mmoja kuna mtu anayemwita dada, upande mwingine kuna watu wanaomwita afande, na wote wawili wanataka aje kwao. Akienda kwa yeyote, mgonjwa amebaki bila nesi.

Hata hivyo si kila kitu nakubaliana naye. Ukali wake unavuka geti na kuja nao mtaani. Huku kwetu usipomsalimia mtu umemtukana, na mtoto wa Kifipa hufundishwa kuinama na kupiga makofi kabla hajafundishwa kuhesabu. Mama mdogo akikutana sokoni na mtu aliyewahi kupita mikononi mwake, hamsalimii mpaka yule aanze. Anasema mtu yule ana haki ya kutembea na mke wake bila kuulizwa "yule mama unamjulia wapi?" Hilo nalielewa, ingawa nimeshamwona akionekana ana kiburi mbele ya watu wasiojua.

Lakini kuna la msiba. Mwaka jana bibi mmoja alifariki hapa jirani, ambaye mjukuu wake alikuwa bado yuko huko mbali kwa matibabu ya aina hiyo, na ukoo wote ulijua kwamba mama mdogo alifanya kazi huko hadi alipostaafu. Alikwenda msibani kama jirani yeyote. Alikaa na akina mama, akapika, akatoa rambirambi. Jioni mama wa kijana akamsogelea, akapiga magoti mbele yake, akamuuliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu yule ulimwacha hali gani?" Nilikuwa karibu, nikishusha kuni. Mama mdogo alimwinua, akamshika mikono yote miwili, akamwambia: "Nimekuja kukupa pole ya mama yako. Hayo mengine muulize daktari wake, na namba ya ofisi nitakuandikia." Akamwandikia kweli, kwenye karatasi. Mama yule aliikunja akaiweka kwenye pindo la khanga, na usiku ule hakuzungumza tena.

Mimi nasema angemwambia hata kwamba anakula. Neno moja tu, anakula, anaoga, ameanza kucheka. Yeye anasema hata hilo ni la kijana mwenyewe kulisema au kulinyima, na kwamba yeye habari zake ni za zamani, na mama angeondoka na habari ya zamani akidhani ni ya leo. Nimemwambia hiyo ni hoja ya ofisini, pale hapakuwa ofisini. Tunabishana jambo hilo tangu Pasaka, na juzi tena wakati wa kupura ulezi tuliliacha katikati.